Waya Mbali na Nyumba

Redio niliyonunua Mwanza ilikuwa bora kuliko ya marehemu baba kwa kila kipimo, na bado ilisikia vibaya zaidi. Ya baba ilikuwa National ya mawe manne, kitufe cha kutafutia vituo kimelegea, mfuniko wa nyuma umefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Ilikaa dirishani nyumbani kwetu Ukerewe, na waya mwembamba wa shaba ulitoka nyuma yake, ukapenya kwenye fremu ya dirisha, ukaenda hadi kwenye mwembe ulioko nyuma ya jiko. Yangu ilikuwa Sony ICF-SW7600GR niliyouziwa na mgeni aliyekuwa akifungasha kurudi kwao: ina namba za kubonyeza, ina swichi ya SSB, ina tundu la antena ya nje. Baba jioni aliwapata BBC, Deutsche Welle na Sauti ya Tanzania Zanzibar bila kuhangaika. Mimi, kwenye nyumba ya kupanga iliyojengwa juu ya majabali ya Mwanza, nilipata mvumo. Ulianzia bendi ya mita 60 ukaishia ya mita 19, na katikati yake palikuwa na mkwaruzo uliokuja na kuondoka saa zake.

Kijijini kwetu enzi zile hapakuwa na umeme. Hilo ndilo jibu lote, ingawa nilifundisha fizikia muda mrefu kabla ya kulitazama kwa makini.

Masafa mafupi, yaani megahezi 3 hadi 30, husafiri kwa kudunda kwenye anga la juu na kurudi ardhini. Yakifika kwako yamechoka. Mtu wa Cape Town anayetuma kwa wati 100 anakufikia Mwanza akiwa na nguvu ndogo mno, lakini si tatizo, kwa sababu redio ya kawaida ya siku hizi ina usikivu zaidi ya unaohitajika. Kinachomzika ni kelele za karibu. Chaja ya simu, adapta ya king'amuzi, taa ya LED ya bei poa, kontrola ya sola: vyote hivi hukata umeme na kuuwasha tena maelfu kwa maelfu ya mara kila sekunde ili kubadilisha volti, na kila ukataji hurusha takataka kwenye masafa yote hadi huko juu. Nyaya za nyumba huzibeba takataka hizo chumba hadi chumba, kisha hadi kwenye nguzo, kisha kwa jirani. Ukipandisha antena ya redio sebuleni umeiweka katikati ya jaa. Na bati la paa juu ya kichwa chako linazuia kile unachokitafuta kisiingie, huku kile unachokikimbia kikiwa tayari kimo ndani.

Niliowatafuta mimi hawakuwa watangazaji. Nikiwa mtoto, nilipoizungusha National kupita vituo, kuna sehemu zilikuwa na watu wakizungumza kwa sauti ya bata aliyebanwa pua. Baba alisema ni kituo kimeharibika. Fundi redio mmoja wa Nansio, kisiwani kwetu, ndiye aliyeniambia kwamba hao ni wanaredio wa ridhaa, watu wenye leseni wanaozungumza wao kwa wao, mtu na mtu, nchi na nchi, kwa kupenda tu. Sauti yao inakuwa vile kwa sababu wameondoa wimbi la kubebea pamoja na nusu moja ya mawimbi ya sauti ili nguvu yote iende kwenye maneno. Mtindo huo ndio SSB, na redio isiyo nao haiwezi kuirudisha ile sehemu iliyoondolewa. Chini ya megahezi 10 wanaredio hutumia upande wa chini wa wimbi, juu ya hapo upande wa juu. Kila mmoja ana jina la hewani linaloonyesha nchi yake: 5H ni Tanzania, 5Z Kenya, 5X Uganda. Ukitaka kurusha hapa kwetu, leseni ni ya TCRA. Mimi nimebaki msikilizaji, na sioni haya.

Usiku ulionionyesha mambo ulikuwa wa mgao, mwaka 2011, mwaka ambao Watanzania wengi wanaukumbuka kwa giza. Redio ilikuwa mezani, inatumia betri, iko megahezi 7, inavuma kama ada yake. Umeme ukakatika mtaa mzima. Watu wakalalamika kwa pamoja, kama ilivyo desturi, na mvumo ukazimika papo hapo. Palipokuwa na ukuta wa kelele pakawa na watu: Mtaliano anahesabu namba, mzungu wa Afrika Kusini anamsubiri rafiki yake, na alama za Morse za mtu nisiyejua yuko wapi. Antena ilikuwa ileile fimbo ya redio, haikusogea hata inchi. Umeme uliporudi jirani wakashangilia. Mimi nilizima redio.

Tangu usiku ule nimekuwa na msimamo ambao wauzaji wa vifaa hawaupendi: kabla ya kununua antena ya kuongeza nguvu, anza kwa kuwinda kelele. Kazi yenyewe haina gharama. Unaiwasha redio kwa betri, unazima swichi kubwa ya nyumba, unasikiliza. Kelele ikiondoka ni yako. Unawasha vyumba kimoja kimoja hadi uipate. Kwangu ilikuwa adapta ya king'amuzi na chaja moja ya simu iliyokuja bure na simu. Zilipochomolewa, mvumo ulipungua karibu nusu. Iliyobaki ilitoka nje.

Niliibeba redio mtaani, fimbo nimeishusha ili isikie vya karibu tu, nikiufuata mkwaruzo. Ulinipeleka moja kwa moja hadi saluni ya Baba Neema iliyo mbele ya nyumba yetu, iliyozungushiwa taa za LED za utepe, nyekundu na buluu.

"Mwalimu, karibu. Leo umekuja na redio, nayo inataka kunyolewa?"

"Imekuja kushtaki, Baba Neema. Inasema taa zako zinaipigia kelele."

Alidhani namtania. Nikamwomba azime taa kwa dakika moja tu, na mkwaruzo ukakata. Akawasha, ukarudi. Wateja wawili waliokuwa wakisubiri zamu wakaingia kwenye ubishi kuhusu iwapo taa inaweza kuongea. Sikumwambia aondoe taa zake, maana ndizo zinazomletea vijana jioni. Nilimtafutia adapta ya zamani, ile nzito yenye transfoma ndani, ya volti 12, ikachukua nafasi ya ile nyepesi. Taa zikawaka vilevile, redio ikanyamaza, na kwa muda fulani nilinyolewa bila kulipa. Jirani mwenye kelele hushindwi naye ukienda na kifaa cha kubadilisha mkononi. Ukienda na lawama tu, utarudi na kelele zako.

Ndipo nikaja kwenye waya.

Kwa bendi moja unayoipenda, antena rahisi isiyo na ujanja ni dipoli: waya mmoja uliokatwa katikati, nusu huku na nusu kule. Urefu wake wote kwa mita ni 143 ugawe kwa megahezi. Kwa megahezi 7.1, bendi ambayo wanaredio huiita mita 40, unapata mita 20 na kidogo. Kwa 14.2 unapata mita 10. Mimi nilichagua ya mita 40 kwa sababu jioni ndiyo inayoamka, jua likishazama na ile tabaka ya chini ya anga inayomeza mawimbi ikatoweka. Nilitumia waya wa kawaida wa kutandazia umeme nyumbani, wenye uzi mmoja, nikauacha na plastiki yake. Ncha nilizifunga kwenye vipande vya bomba la maji la plastiki, kisha kamba ya manila. Kiwanja chetu hakina mita 20 za kunyoosha chochote, kuna majabali, kwa hiyo katikati niliipandisha juu ya mrunda na mikono miwili ikashuka, mmoja kwenye mpera na mwingine kwenye nondo iliyobanwa kwenye ufa wa jiwe. Inafanya kazi ikiinama hivyo. Haidai usawa wa ramani.

Waya wa kuileta sauti ndani ni waya wa dishi, ule mweusi wa antena ya televisheni. Watu husema haufai kwa redio, lazima ule wa ohmu 50. Kwa kusikiliza hayo ni maneno. Waya wa dishi una ohmu 75, na dipoli iliyo hewani, mbali na vitu, ina takriban 73 katikati yake. Zimeumbiwa pamoja. Usumbufu pekee ni kwamba wavu wake mara nyingi ni wa alumini na haushiki risasi ya kulehemu. Tumia koneka ya skrubu, kisha uifunike vizuri isinyeshewe.

Kilichoamua zaidi si urefu wala aina ya waya. Ni mahali. Mrunda nilikuwa nimeuchimbia karibu na jiko, kwa kuwa hapo ndipo udongo ulipo, na matokeo yalikuwa ya wastani. Nilipouhamishia kwenye kona ya mwisho ya kiwanja, mbali na nguzo za umeme, mikono yake ikikatisha njia ya nyaya za mtaa badala ya kwenda nazo sambamba, nilipata Mwanza nyingine. Nilipoteza mita kadhaa za kimo kwa kuhama huko, kwa sababu kona ile iko chini. Kimo nilikikosa, kelele nazo zikanikosa, na hesabu ikawa upande wangu.

Kuna jambo hapa ambalo sindano ya redio huwadanganyia wengi. Ukiunganisha waya mrefu unaopita juu ya paa, sindano inapanda, nawe unafurahi. Lakini imepanda kwa sauti na kwa kelele kwa pamoja. Ukitumia antena ndogo iliyo mbali, sindano inashuka, na mtu unamsikia neno kwa neno. Pima kwa sikio. Tena redio ndogo za mkononi, zilizotengenezwa kwa ajili ya fimbo yao, hulewa zikipewa waya mrefu: vituo vikubwa vya matangazo vinavyokaa juu kidogo ya megahezi 7.2 vinamwagika hadi kwa wanaredio, unasikia taarifa ya habari mahali pasipo na kituo. Sony yangu ina gurudumu la kupunguza nguvu ubavuni. Jioni nililipunguza mara nyingi kuliko nilivyowahi kutamani kuongeza.

Bado palikuwa na mlango mmoja wa nyuma. Ule wavu wa waya wa dishi, ukiingia ndani, huokota kelele za nyumba na kuzipandisha kwa nje hadi kwenye antena, ambayo inazirudisha kwako kwa ndani kama mgeni halali. Dawa yake ni feraiti, na feraiti nilipewa na fundi wa televisheni jirani na soko. Nyuma ya duka lake palikuwa na kilima cha televisheni za chogo, zile za kizamani ambazo siku hizi hakuna anayezitaka. Shingoni mwa kioo chake kuna koili kubwa, na ndani ya koili kuna pete nene nyeusi ya feraiti.

"Mwalimu, kwani hili nalo lina kazi?" aliniuliza, akiligonga kwa bisibisi.

Lina kazi. Unauzungusha waya wa dishi ndani ya pete mara kadhaa, karibu na unapoungana na dipoli, na kelele zinazopanda kwa nje zinakwama hapo. Televisheni hizo zina hazina nyingine: waya wa shaba uliopakwa vanishi, mita kwa mita, unaofaa kutengenezea antena za kila namna. Nikiona chogo limetupwa barabarani hadi leo huwa napunguza mwendo.

Vitabu vinasisitiza waya wa ardhi: pigilia nondo ya shaba hadi iingie. Walioviandika hawajafika Mwanza. Hapa unapigilia kiganja kimoja, unakutana na jiwe lililokuwepo kabla ya Adamu. Bahati nzuri dipoli haidai ardhi ili kusikia, kwa kuwa nusu moja ni mwenza wa nusu nyingine. Anayetumia waya mmoja mrefu anaweza kuulaza waya wa pili chini, juu ya mawe, ukafanya kazi hiyo ya mwenza. Kwa radi, hata hivyo, waya uliolazwa juu ya mawe haukulindi.

Na radi ndiyo iliyomleta mama mwenye nyumba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia wapangaji wanasema huo waya wako utatuletea radi."

Nilimjibu ukweli: waya hauiti radi, lakini radi ikipiga karibu, waya unaweza kuileta hadi mezani. Ziwa Victoria hupika dhoruba zake usiku, upepo wa nchi kavu unapokutana katikati ya ziwa, na alfajiri zinatua pwani. Kwa hiyo kila ninapolala, na kila ninapoona umeme ukimulika upande wa ziwa, waya unachomolewa na ncha yake inatupwa nje ya dirisha, si kwenye redio na si kwenye kochi. Mama alikubali kwa sharti kwamba afanye ukaguzi mwenyewe. Aliutekeleza. Alikuwa anapita dirishani saa mbili usiku na kuuliza, "Umeutupa?"

Radi hizo ni mzigo hata zikiwa mbali. Milima ya mashariki ya Kongo, upande wa Kabare, ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi mno duniani, na kwa redio Kabare ni jirani. Kila pigo hulia "kraa" kwenye mita 40, na msimu wa mvua hakuna antena itakayokuokoa. Unapanda juu kwa masafa, bendi ya mita 20 au 15, ambako milipuko hiyo ni dhaifu. Wanaokaa Ulaya hulalamikia chaja tu. Sisi tuna chaja na Kongo.

Kwa wasio na kiwanja kuna kitanzi. Nilimtengenezea ndugu yangu anayeishi ghorofani Dar es Salaam: duara moja la waya mnene, kipenyo kama mita moja, limeshikwa na mbao mbili zilizopishana, juu yake kondensa ya kuzungusha iliyotolewa kwenye redio ya zamani, na ndani yake kiduara kidogo, kama sehemu ya tano ya kile kikubwa, kinachokwenda kwenye redio. Kwa kondensa ya kawaida kinashika kuanzia karibu megahezi 5 hadi 15. Kazi yake ni kuzungushwa. Kitanzi kidogo husikia vizuri kwa ukingo wake, na kwa upande wa uso wake ni kiziwi. Unakigeuza taratibu hadi lifti ya jengo inyamaze, na yule aliye mbali, ambaye mawimbi yake yanashuka kutoka juu, anabaki. Si dipoli. Ila dirishani, ghorofa ya nne, kinamshinda mwenye fimbo kwa mbali.

Swali la kila mwenye waya mpya ni moja: nitajuaje kuwa umeboresha kitu? Hali ya anga hubadilika dakika kwa dakika, jua nalo lina mzunguko wake wa miaka kama 11. Kilele cha 2024 kiliwafanya hata wenye waya mbovu wajione mafundi kwenye mita 10. Kipimo ninachokiamini kiko kwenye megahezi 14.100. Wanaredio wa dunia wameweka vituo 18 vya ishara vinavyopokezana, kila kimoja sekunde 10, mzunguko mzima dakika 3. Kila kituo kinataja jina lake kwa Morse, kisha kinatoa milio minne mirefu: wa kwanza kwa wati 100, wa pili wati 10, wa tatu wati 1, wa nne sehemu ya kumi ya wati. Ukiwa na antena mbili, unahama kutoka moja hadi nyingine na kuhesabu milio. Ukisikia mlio mmoja tu kwa hii na mitatu kwa ile, maneno yamekwisha. Kuna kituo Kenya, 5Z4B, ambacho licha ya ujirani mara nyingi sikipati, kwa sababu mawimbi ya bendi ile huruka juu ya kichwa cha jirani na kutua mbali. ZS6DN ya Pretoria ndicho nilichokitegemea zaidi. Kwa fimbo ya Sony nilisikia mlio wake wa kwanza. Kwa dipoli ndogo yenye urefu wa mita 10 niliyoiweka kule konani, hadi wati 1.

Wakati mzuri wa kusikiliza sauti za watu ni wikiendi kamili ya mwisho ya Oktoba, kwenye mashindano ya CQ World Wide, ambapo kila mtu hutaja namba ya kanda yake. Afrika Mashariki ni kanda ya 37. Wapo pia wanaokusanya mawasiliano na visiwa: Zanzibar ina namba kwenye orodha yao, AF-032, na watu husafiri hadi huko na masanduku ya redio kwa ajili hiyo tu. Ukerewe haina. Kanuni zao hazihesabu visiwa vya maziwa, na nimeshindwa kumweleza Mkerewe yeyote sababu inayomridhisha.

Baba Neema amekuwa akija jioni akishafunga saluni. Haambulii Kiingereza cha wazungu wale kwa jinsi kinavyopita puani, kwa hiyo namfasiria. Juzi tulimpata mzee wa Durban akiongea na mwenzake kwa kirefu, na akataka kujua kama wanazungumzia siasa au biashara. Nikamwambia hapana, anaeleza urefu wa waya wake, mti alioufunga, na kwamba mkewe analalamika unaharibu bustani.

"Kumbe mko wengi," alisema Baba Neema.